Kusaini baada ya sekondari au kwenda chuo kwanza: njia mbili za besiboli, na ya tatu inayosahauliwa

Mike Trout alizaliwa Agosti 1991, Aaron Judge Aprili 1992. Wamepishana kwa miezi isiyotimia tisa, na wote wawili waling'ara katika timu za sekondari zao, Trout mjini Millville, New Jersey, Judge katika mji mdogo wa Linden, California. Mwaka 2009 Los Angeles Angels walimwita Trout katika nafasi ya 25 ya drafti, yaani siku za kila mwaka ambapo timu za kulipwa huchagua vijana kwa zamu. Alikuwa ameshaahidi kujiunga na Chuo Kikuu cha East Carolina, lakini alisaini kwa dola milioni 1.2 na ushei, akaenda kazini. Mwaka uliofuata Oakland Athletics walimwita Judge, raundi ya 31. Judge alikataa, akaingia Fresno State.

Mwaka 2014 Trout alitangazwa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya besiboli (MLB). Mwaka huohuo Judge ndiyo kwanza alikuwa anaanza msimu wake wa kwanza katika ligi ndogo, zile za kukuza wachezaji chini ya Ligi Kuu, kwenye ngazi za chini kule Charleston, South Carolina. Aliyewalinganisha wakati ule angesema Judge alijichelewesha bure. Leo kila mmoja ana tuzo tatu za mchezaji bora: Trout za 2014, 2016 na 2019, Judge za 2022, 2024 na 2025.

Nawaweka hawa wawili mbele kwa ajili ya wazazi wa kwetu walioko Texas, Minnesota, Ohio au Ontario. Sisi tulikulia kwenye soka, na mtoto akianza kufuatwa na wasaka vipaji wa besiboli tunajikuta tunatakiwa kuamua jambo zito ndani ya siku chache, mbele ya watu wanaoujua mchezo huu tangu utoto wao. Swali lenyewe ni moja: mtoto wa miaka 18 aliyeitwa na timu ya kulipwa asaini, au aende chuo? Majibu ya jumla jumla hayasaidii hapa. Inabidi kuziweka njia hizi bega kwa bega na kuangalia kila moja inalipa nini, lini, na inachukua nini.

Jinsi drafti inavyokwenda

Drafti ya MLB ilianza mwaka 1965. Hapo zamani ilikuwa na raundi 40 na zaidi. Tangu 2021 zimebaki 20, na hufanyika Julai badala ya Juni. Timu ni 30, kwa hiyo wanaoitwa kwa mwaka ni 600 na kidogo. Kipindi cha raundi 40 walikuwa zaidi ya 1,200. Badiliko hilo peke yake limebadilisha hesabu za familia nyingi: Judge wa leo, kijana wa raundi ya 31, asingeitwa kabisa. Mchezo wenyewe umewafungia mlango wa kwanza vijana wa aina yake, na chuo kimekuwa njia ya wengi kwa lazima.

Kijana anaweza kuitwa anapomaliza sekondari. Asiposaini na akaingia chuo cha miaka minne, hataitwa tena mpaka amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21. Akiingia chuo cha miaka miwili, anaweza kuitwa kila mwaka. Akishasaini mkataba wa kulipwa, mlango wa kuichezea timu ya chuo katika mchezo huo umefungwa. Hata akiachwa na timu baada ya msimu mmoja, anaweza kwenda chuo kusoma, lakini besiboli ya chuo imeshampita.

Drafti inawahusu waliosoma au wanaoishi Marekani, Kanada na maeneo ya Marekani kama Puerto Rico. Kijana aliyezaliwa Mombasa akamalizia sekondari Houston yumo. Kijana anayechezea Kampala hayumo. Yeye anasajiliwa moja kwa moja kama mchezaji wa kimataifa, na anaweza kusaini akiwa na miaka 16. Ndivyo Los Angeles Dodgers walivyowachukua Waganda Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na ndiyo njia iliyomfikisha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini kwenye kikosi cha Pittsburgh Pirates mwaka 2017, Mwafrika wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya huko. Njia hiyo ina mambo yake na sitaigusa tena hapa.

Pesa ya kwanza, na bei inayotajwa kabla ya siku yenyewe

Wengi wanadhani timu inaita kijana kwanza, kisha watu wanakaa kujadili bei. Kwa kweli bei huwa imeshazungumzwa. Kila timu hupewa fungu la pesa kwa ajili ya raundi 10 za kwanza, na kila nafasi ina kiasi chake kilichopangwa. Timu ikimwita kijana katika raundi hizo naye asisaini, inapoteza pesa za nafasi hiyo kutoka kwenye fungu. Kwa hiyo hakuna timu inayopenda kubahatisha. Wiki kadhaa kabla ya drafti wasaka vipaji hupiga simu kuuliza: mwanao atasaini kwa kiasi gani?

Jibu la swali hilo ndilo uamuzi wenyewe. Mzazi anayejibu "tutaona" amewaachia wengine waamue, kwa sababu timu itampita mtoto na kumwita ambaye bei yake inajulikana.

Kiasi kilichopangwa si haki ya mchezaji, na si kikomo pia. Nafasi ya kwanza ya drafti ya 2023 ilipangiwa dola milioni 9.7. Paul Skenes, aliyeitwa nafasi hiyo na Pirates, alisaini kwa milioni 9.2. Kinachobaki timu inaweza kukihamishia kwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni kijana wa sekondari aliyesema bei kubwa. Ndiyo maana utaona kijana wa raundi ya 12 akilipwa kuliko mwanachuo wa raundi ya 5. Baada ya raundi ya 10 timu inaweza kumlipa mchezaji hadi dola 150,000 bila kugusa fungu. Kinachozidi hapo ndicho huhesabiwa.

Kijana wa sekondari ana nguvu kwenye mazungumzo haya kwa sababu moja, nayo ni kwamba ana pa kwenda. Nafasi ya chuo kizuri ndiyo inayofanya tishio lake la kukataa liaminike. Mwanachuo wa mwaka wa tatu naye bado anayo nguvu hiyo, maana anaweza kurudi kwa mwaka wa nne. Wa mwaka wa nne hana pa kurudi, na timu zinalijua hilo. Wengi wao husaini kwa maelfu machache ya dola. Kwa hiyo anayechagua chuo ahesabu miaka mitatu, na mwaka wa nne auone kama mwaka wa kumalizia shahada.

Mzazi akisikia "laki tano za dola" aanze kutoa mara moja. Kuna kodi ya serikali kuu, mara nyingi kodi ya jimbo, na asilimia ya wakala. Usishangae mkononi ikibaki kidogo zaidi ya nusu, tena kwa awamu. Baada ya hapo unaanza mshahara wa ligi ndogo.

Mishahara hiyo ilikuwa aibu kwa miaka mingi. Mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo, wa mwaka 2023, uliipandisha: dola 19,800 kwa mwaka kwa walio kwenye kambi za Florida na Arizona, 26,200 kwa ngazi ya chini ya Single-A, 30,250 kwa Double-A, 35,800 kwa Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu. Kabla ya hapo wa Single-A alikuwa akipata kama 11,000. Nyumba hutolewa na timu tangu 2022. Mtu anaweza kuishi sasa, lakini si mshahara wa kutuma nyumbani kujenga. Kima cha chini cha Ligi Kuu kilikuwa dola 760,000 msimu wa 2025. Pengo hilo ndilo linalowafanya vijana wavumilie mabasi ya usiku, na ndilo linalowalaza njaa ya matumaini wengine mpaka wanafika miaka 27 bila ujuzi mwingine.

Upande wa chuo, wazazi wetu wengi wana picha ya mpira wa kikapu au futiboli ya Marekani, kwamba mtoto akipata ufadhili basi amesomeshwa bure. Besiboli haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi timu ya ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusiwa kugawa jumla ya ufadhili kamili 11.7 tu kwa wachezaji hadi 27, kwa hiyo mtoto aliyeambiwa "umepata ufadhili" aliweza kuwa amepata robo, na familia ikalipa robo tatu. Kuanzia msimu wa 2025-26 kanuni hiyo imeondoka kwa vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya: kikosi kina kikomo cha wachezaji 34 na wote wanaweza kufadhiliwa kikamilifu. Kuruhusiwa si kulipa, lakini. Vyuo vyenye pesa za futiboli, hasa vya kusini, vinaweza. Vingi vingine bado vinakata vipande. Pia tangu Julai 2021 wanachuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja, ingawa kijana aliyeko kwa viza ya mwanafunzi amebanwa sana hapo. Muulize kocha asilimia ngapi ya ada, kwa miaka mingapi, na upate jibu kwa maandishi.

Mwili, mkono na ukuaji

Hapa ndipo ningependa mzazi akae muda mrefu kuliko kwenye pesa.

Trout aliingia ligi ndogo akiwa na mwili uliokwisha kukomaa na mbio ambazo watu wazima hawakuziweza. Julai 2011, akiwa na miaka 19, alikuwa Ligi Kuu. Mwaka 2012 akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake. Clayton Kershaw, mrushaji aliyekataa Chuo Kikuu cha Texas A&M mwaka 2006 na kusaini na Dodgers kwa dola milioni 2.3 baada ya kuitwa nafasi ya 7, alirusha mpira wake wa kwanza Ligi Kuu Mei 2008 akiwa na miaka 20. Vijana hawa chuo kingewachelewesha tu.

Judge alikuwa na mwili wa mita mbili ambao bado haujajipanga. Alikuwa ameugawa ujana wake kati ya besiboli, kikapu na futiboli. Kwa mtu mrefu hivyo, kupiga mpira ni kazi ya kujifunza upya kila anapoongezeka, kwa sababu eneo analotakiwa kulilinda ni kubwa kuliko la wenzake. Fresno State ilimpa miaka mitatu ya kukosea bila mtu kumfukuza kazi. New York Yankees walimwita nafasi ya 32 mwaka 2013, akasaini kwa dola milioni 1.8, na bado alihitaji karibu miaka mitatu ya ligi ndogo. Agosti 2016, mara yake ya kwanza kushika gongo Ligi Kuu, alipeleka mpira nje ya uwanja. Mwaka 2022 alipeleka nje mipira 62, rekodi ya American League.

Ukiweka ratiba mbili kando kwa kando tofauti inaonekana wazi. Timu ya chuo hucheza michezo 56 ya kawaida kuanzia Februari hadi Mei, halafu mashindano ya ubingwa wa vyuo yanayomalizikia mji wa Omaha mwezi Juni. Ligi ndogo za Single-A hucheza michezo 132, siku sita mfululizo na Jumatatu ya kupumzika, na Triple-A hufika 150. Anayesaini anapiga mipira mingi zaidi, kwa gongo la mti, mbele ya warushaji wanaolipwa. Mwanachuo hutumia gongo la chuma msimu mzima na kushika la mti kwenye ligi za kiangazi kama ile ya Cape Cod. Kwa mpigaji ambaye mwili wake uko tayari, wingi huo wa michezo ni shule bora kuliko chuo chochote. Kwa ambaye hajakomaa, ni kushindwa kila siku mbele ya watu, mbali na nyumbani, akiwa na miaka 18. Nimewaona vijana wenye vipaji vizuri wakivunjika mioyo hivyo, na hakuna kifungu cha mkataba kinachorudisha moyo wa mtoto.

Kwa warushaji hesabu ni nyingine, na hapa natofautiana na wanaosema chuo ni salama daima. Mkono wa mrushaji ni kitu kinachoharibika. Upasuaji wa kiwiko uitwao Tommy John, uliofanywa mara ya kwanza 1974, leo unawafikia hata vijana wa sekondari. Timu za kulipwa huhesabu kila mpira na kumpumzisha kijana kwa ratiba, kwa sababu zimewekeza kwake. Kocha wa chuo naye anataka kushinda Juni hii, na kijana wake bora anaweza kuombwa arushe tena baada ya siku chache. Wako makocha waangalifu sana. Lakini kocha wa chuo analipwa kwa ushindi wa mwaka huu.

Wakati huohuo, chuo kimetoa warushaji wakubwa. Gerrit Cole aliitwa na Yankees mwaka 2008 nafasi ya 28, akakataa, akaenda chuo kikuu cha UCLA. Mwaka 2011 Pirates walimwita wa kwanza kabisa na kumpa dola milioni 8. Skenes hakuitwa kabisa alipotoka sekondari. Alianza Chuo cha Jeshi la Anga akiwa mdakaji na mrushaji kwa pamoja, akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), akatwaa ubingwa wa taifa 2023, na Mei 2024 alikuwa Ligi Kuu. Yeye chuo hakikumlinda tu, kilimgundua.

Na pande zote mbili zina makaburi. Brien Taylor, mrushaji wa sekondari kutoka North Carolina, aliitwa wa kwanza na Yankees mwaka 1991 na kulipwa dola milioni 1.55, kiasi ambacho kabla ya hapo hakikuwahi kutolewa kwenye drafti. Desemba 1993 aliumia bega katika ugomvi nje ya uwanja, na hakufika Ligi Kuu. Mark Appel alikwenda Stanford, mwaka 2012 akakataa dola milioni 3.8 za Pirates, mwaka 2013 akaitwa wa kwanza na Houston Astros kwa milioni 6.35. Kusubiri kulimlipa pesa. Uwanjani alipambana na majeraha, akaacha mchezo kwa muda, akarudi, na akaonja Ligi Kuu Juni 2022 akiwa na miaka 30, kwa michezo sita. Taylor na Appel wote walichukua pesa ya kwanza, na hiyo ndiyo pesa pekee kubwa ambayo mchezo uliwapa. Kwa sababu hiyo mrushaji aliyepewa bonasi ya kweli ningemshauri asisubiri.

Pesa ya pili iko mbali, lakini ndiyo kubwa

Mchezaji akifika Ligi Kuu timu inammiliki kwa misimu sita kamili kabla hajawa huru kuuza huduma yake kwa yeyote. Kila mwaka wa kuchelewa kufika unasogeza mbele umri wa kuwa huru. Bryce Harper alianza Ligi Kuu akiwa na miaka 19, akawa huru akiwa na 26, na Philadelphia Phillies wakampa miaka 13 kwa dola milioni 330. Judge alianza akiwa na 24, akawa huru akiwa na 30, na mkataba wake wa miaka tisa wa dola milioni 360 unamfikisha miaka ya mwisho ya thelathini. Kwa mchezaji wa kawaida, asiye Judge, kuwa huru akiwa na miaka 30 au 31 maana yake timu zinamwona kama mtu anayeanza kushuka. Wengi wao hawapati mkataba mrefu kabisa.

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kusaini mapema, na wasaka vipaji wataitaja. Inawahusu wachache sana. Vikosi vya Ligi Kuu vina wachezaji 26 mara timu 30, yaani nafasi 780, na wanaozigombania ndani ya ligi ndogo ni maelfu, kila timu ikiruhusiwa kuwa na hadi 165 nyuma ya kikosi chake. Usipange maisha ya mtoto wa miaka 18 kwa kuangalia mkataba atakaousaini akiwa na miaka 27.

Mwanachuo ana faida ndogo isiyotajwa sana: anayesaini akiwa na miaka 19 au zaidi timu humshikilia ligi ndogo kwa misimu sita badala ya saba kabla ya kumwachia.

Shahada

Anayesaini kutoka sekondari anaweza kudai mpango wa masomo uandikwe kwenye mkataba: timu ilipe mihula kadhaa ya chuo akishaacha kucheza, mradi aanze ndani ya miaka miwili baada ya kuacha. Usisaini bila huo, na kiasi kwa kila muhula kiandikwe, kwa kuangalia ada ya chuo alichokuwa aende. Ni kitu halisi na wako waliorudi wakasoma. Bali kijana wa miaka 25 aliyeachwa na timu, pengine ana mke na mtoto, kuingia darasani na wa miaka 18 si jambo jepesi, na wengi huacha miaka miwili ipite.

Anayechagua chuo kwa ngazi ya juu ya NCAA anahitaji masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3. Kwa familia zetu kuna tatizo la makaratasi ambalo wengine hawana: NCAA hutaka rekodi za masomo tangu darasa la tisa, popote yalipofanyikia. Mtoto aliyesoma vidato vya mwanzo Dar es Salaam, Mwanza au Kisumu kabla ya kuhamia Marekani atatakiwa kuleta matokeo ya huko. Mwombe mkuu wa shule barua na nakala zilizogongwa muhuri mapema, mtoto akiwa darasa la kumi, kabla walimu hawajahama na mafaili kupotea.

Njia ya tatu

Chuo cha miaka miwili kinadharauliwa, hasa na sisi ambao jina la chuo kikuu tunalichukulia kama heshima ya ukoo. Kwa besiboli ni njia yenye akili. Ada yake ni ndogo, kijana anacheza tangu mwaka wa kwanza badala ya kukaa benchi nyuma ya watu wa miaka 22, na anaweza kuitwa kwenye drafti kila Julai. Baada ya miaka miwili anaweza bado kuhamia chuo kikuu.

Harper aliacha sekondari mapema kwa mtihani wa kulinganisha cheti, akaingia College of Southern Nevada, ambako ligi yao ilitumia magongo ya mti. Alipeleka mipira 31 nje ya uwanja msimu wa 2010 na Washington Nationals wakamwita wa kwanza. Yule ni wa aina yake na simtaji kama mfano wa kuigwa.

Ninayemtaja kwa moyo wote ni Albert Pujols. Alihamia Marekani kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana, familia ikatua Independence, Missouri, akajifunza Kiingereza akiwa sekondari. Akaingia Maple Woods, chuo cha miaka miwili cha eneo la Kansas City. Mwaka 1999 St. Louis Cardinals walimwita raundi ya 13, nafasi ya 402, wakampa ofa ya kama dola 10,000. Alikataa, akaenda kucheza ligi ya kiangazi kule Kansas, na mwisho wa kiangazi akasaini kwa karibu 60,000. Mwaka 2001 alikuwa Ligi Kuu, chipukizi bora, na alistaafu 2022 akiwa na mipigo 703 ya nje ya uwanja. Mtoto wa wahamiaji, ambaye wasaka vipaji hawakumwona vizuri sekondari, alipewa na chuo kidogo mwaka mmoja wa kuonekana.

Ningechagua vipi

Mwanangu akiwa mpigaji aliyekomaa mwili, akaitwa katika raundi mbili za kwanza kwa bonasi ya dola milioni moja au zaidi, ningemwacha asaini, pamoja na mpango wa masomo. Kiasi hicho baada ya makato kinabakiza nyumba, ada ya chuo na akiba. Akiwa mrushaji ningeteremka chini ya kiasi hicho, hadi laki sita au saba, kwa sababu ya mkono. Chini ya hapo, chuo, bila kujali jina la timu wala maneno matamu ya mgeni aliyekuja sebuleni na kofia za zawadi.

Akiwa bado anarefuka, au alianza mchezo huu ukubwani kama watoto wetu wengi, chuo. Akiwa na alama za darasani zisizofika, au chuo kikuu kimempa robo ya ada na ahadi ya kukaa benchi, chuo cha miaka miwili, na mwakani tena.

Akiitwa raundi ya 11 hadi ya 20 kwa dola 150,000 au pungufu, naye ana nafasi nzuri ya chuo, ningekataa kila mara. Na asipoitwa kabisa, timu zitapiga simu siku ileile drafti inapokwisha kutaka asaini kwa kiasi kama hicho au pungufu. Jibu langu ni lilelile.

Ila ningemuuliza mtoto mwenyewe kabla ya yote, akiwa peke yake, bila kocha na bila wakala: kama ungeumia ukiwa na miaka 21, ungetaka uwe umekaa wapi miaka hiyo mitatu? Wapo watakaosema darasani na wapo watakaosema uwanjani, na mtoto anayechukia darasa hatabadilishwa na ufadhili.

Bei ya familia iandikwe kabla ya Juni kwisha, mama na baba wakiafikiana, na wakala aambiwe namba moja tu. Drafti ikishapita zinabaki kama wiki mbili za kusaini. Tarehe ya mwisho ikipita bila saini, haki ya timu kwa mtoto wenu imekwisha, na Agosti anaripoti chuoni.